Mwaka Niliopanda Magugu

Maboga yalioza yakiwa madogo kama kidole gumba, na lawama ikaja kwangu.

Niseme mapema ili mtu asinisome akitafuta huruma. Nilikuwa na mtoto mgongoni, sina mume, na shule ilikuwa imenifukuza kidato cha nne mtihani ukiwa mlangoni. Baba wa mtoto simtaji. Hakuhusika na maboga. Nilirudi nyumbani Endagikot kipindi kile tulipoambiwa sisi si watu wa Arusha tena, tuna mkoa wetu wenyewe, Manyara. Kila mtu pale sokoni Mbulu mjini alikuwa anasema "mkoa mpya, mkoa mpya", kana kwamba na yeye kazaliwa jana. Mimi nilikuta mambo yaleyale ya zamani.

Kwetu, enzi za mababu, binti aliyebeba mimba kabla ya kuolewa alitolewa kijijini. Alijengewa kibanda porini, mbali na mashamba na ng'ombe, asije akaharibu mvua na mazao. Siku hizi sisi ni Wakristo na hakuna mtu wa kujenga kibanda. Lakini wiki niliyorudi, mama aliniambia, huku anapepeta maharage, macho yote kwenye ungo, "Usiguse mbegu mwaka huu. Na usipite katikati ya shamba na mtoto. Zunguka."

Nikazunguka. Msimu mzima nilikwenda kijitoni kuchota maji kwa kuzunguka shamba la baba yangu kama mwizi anayetafuta pengo kwenye uzio, mtoto analia, ndoo inanimwagikia shingoni. Na bado maboga yakaoza.

Yalichanua vizuri sana. Maua ya njano yalijaa katikati ya mahindi kuanzia nyumbani mpaka chini. Kibuyu kidogo kinatokea chini ya ua, kinakaa siku chache, kinageuka manjano, kinalainika, kinaanguka. Kwetu boga si kitu cha kuchezea. Ndilo linalovusha nyumba mahindi ya mwaka jana yakiisha na ya mwaka huu yakiwa bado mabichi. Mama alikuwa anaviokota vile vibuyu vilivyooza na kuvipanga kwenye kizingiti bila kusema neno. Mimi nilielewa. Alikuwa ananionyesha.

Aliyesema ni shangazi, dada mkubwa wa baba, anayeishi ng'ambo ya kijito. Alikuja, nikampa shikamoo, hakuitikia. Aliviangalia vile vibuyu kizingitini, akamwambia baba, "Kaka, unataka uonyeshwe nini tena? Mpeleke huyu kwa mjomba wake Basotu kabla mahindi nayo hayajafuata."

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa na ng'ombe na kashamba kando ya ziwa kule Hanang, mashamba makubwa ya ngano hayako mbali. Ni mtu mwema. Lakini Mbulu mjini kulikuwa na walimu waliofundisha jioni watu wanaotaka kurudia mtihani kama watahiniwa binafsi, na kutoka kwetu unakwenda kwa miguu na kurudi. Kutoka Basotu ningekwenda na nini? Nikipelekwa Basotu, shule imekwisha. Ningekuwa yule mpwa wa kule milimani anayefukuza ndama na kuchota maji mpaka mtu amwonee huruma amwoe. Kwa hiyo nilipomsikia shangazi, sikuiona Basotu kama mahali. Niliiona kama mlango unaofungwa.

Nilisema, "Hakuna nyuki."

"Nini?"

"Maua hayana nyuki, shangazi. Boga lina ua dume na ua jike. Nyuki asipopeleka unga kutoka hili kwenda lile, tunda linaoza. Tulisoma kidato cha pili."

Shangazi alimgeukia baba. "Unasikia? Kwa hiyo mambo ya dume na jike ndiyo aliyokwenda kusomea."

Baba akacheka. Hilo lilinichoma kuliko yote, kwamba alicheka.

Kesho yake alfajiri nilifanya kile nilichokatazwa. Niliingia shambani. Maua ya boga hufunguka asubuhi na ikifika saa tano yameshajifunga, kwa hiyo sikuwa na muda wa kubembelezana na mtu. Nilichuma ua dume, lile lenye bua refu bila kibuyu chini yake, nikalimenya majani yake ya njano, nikabaki na kile kijiti chenye unga, nikaugusisha unga ndani ya maua majike yaliyokuwa karibu na njia. Nilifanya hivyo asubuhi kadhaa. Majirani wawili wakipita kwenda kusaga waliniona nimeinama na mtoto mgongoni.

"Wewe binti, unafanya nini?"

"Naweka unga kwenye maua."

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Kuolewa kumemshinda, sasa anafungisha maua ndoa!" Wakaondoka wanacheka mpaka kwenye kona, na jioni kijiji kizima kilikuwa kinacheka.

Yale niliyoyagusa yalishika. Yalinenepa, yakawa maboga ya kweli yenye mistari, pale pale njiani ambapo kila mtu aliyaona. Mengine yote yakaoza. Nilidhani nimeshinda kesi. Shangazi akayatazama, akashika kiuno. "Mnaona? Akiyagusa yeye yanashika, asipoyagusa yanaoza. Yanamtii. Haya, niambieni sasa huo ni unga wa namna gani."

Hapo ndipo nilipojua kwamba ukweli peke yake hauna kazi. Unaweza kuuweka barabarani ukanenepa kama boga na watu wakaupita.

Aliyeniokoa kwa muda ni bibi, mama yake baba, ambaye sisi kwa lugha yetu tunamwita Ama. Alikuwa mzee wa kukaa juani na kusinzia, hakuna aliyemsikiliza sana, ila akisema, mwanawe haongezi neno. Walipokaa kuzungumzia safari yangu, Ama alisema, "Huyu hajakataa kosa lake. Mpeni msimu mmoja. Maboga yakioza tena, aende." Hakusema yuko upande wangu. Alisema msimu mmoja, akarudi kusinzia.

Mimi sikusinzia. Nilikuwa na kichwa kinachochemka na mikono isiyo na kazi. Swali langu lilikuwa moja: nyuki walikwenda wapi?

Jibu lilikuwa chini ya shamba. Nilipokuwa mdogo, kati ya shamba letu na kijito palikuwa na kichaka kinene, mitugutu na miiba na maua ambayo hakuna aliyeyapanda. Tulikatazwa kuingia kwa sababu ya nyuki na nyoka. Nikiwa bwenini, baba alikifyeka chote akapanda vitunguu saumu. Hakuwa peke yake. Soko lilikuwa limefunguliwa, hakuna tena wa kukuambia ulime nini na umuuzie nani. Malori yalikuja kutoka Arusha na wengine wakasema mpaka Kenya, na mtu aliyekuwa na ardhi ya upana wa mkeka aliweka kitunguu saumu. Kijito kizima, pande zote mbili, kilinyolewa. Kilikuwa kisafi. Watu walikisifia. Na mimi sikumwambia baba kwamba amekosea, maana karo yangu ilitoka kwenye vile vitunguu. Lakini nyuki hali karo.

Nikamwomba baba ukingo wa kuwapandia nyuki maua. Juu ya vitunguu, mahali shamba la mahindi linapoishia, kuna tuta refu la kuzuia udongo usiteremke. Halilimwi. Baba akasema, "Chukua, halina faida."

Sasa nipande nini? Nilianza vibaya. Nilikwenda kwenye bustani ya misheni nikaomba vipande vya yale maua mekundu ya kwenye uzio, yanayong'aa kama karatasi. Nilikaa mbele yake asubuhi nzima nikinyonyesha, na sikuona hata nyuki mmoja akitua. Uzuri mtupu. Nikayaacha kwa mtunza bustani. Kuanzia hapo nikaweka sheria yangu: sipandi kitu mpaka nimeona mdudu au ndege akikitaka kwa macho yangu. Kila nilipokwenda mahali nilisimama njiani kama kichaa. Nilipotumwa Dongobesh kununua chumvi na sabuni nilishuka kwenye Hiace kabla ya kufika, nikatembea nikiangalia kando ya barabara, mahali ambapo jembe halifiki.

Marejea yalikuwa ya kwanza. Maua ya njano kama ya maharage, na wale nyuki weusi wakubwa wanaonguruma walikuwa wanayaegemea mpaka bua linainama. Nikachuma maganda makavu, yanacheza kama manyanga ya mtoto, na mtoto wangu akanyamaza kwa mara ya kwanza siku ile. Kivumbasi kilifuata, kile ambacho watu wanafukuzia mbu. Kiua chake ni kidogo hakitazamiki, lakini kilijaa nyuki. Halafu ule mmea mrefu wenye maua ya chungwa yaliyozunguka bua kwa mafundo mafundo, fundo juu ya fundo, kila fundo na miiba yake. Huo niliuchagua kwa sababu ya chozi, yule ndege mdogo wa rangi ya kung'aa mwenye mdomo uliopinda. Alikuwa ananing'inia pale anachoma mdomo ndani ya kila ua, hana haraka, hana aibu. Ukweli ni kwamba chozi hakuwa na msaada wowote kwa boga. Nilimtaka tu. Na mwisho mtugutu, kwa sababu mbuzi hawaugusi kwa uchungu wake, na ukichomeka kijiti ardhini kinashika hata usipokibembeleza.

Vijiti vya mtugutu nilivichomeka mvua zikielekea kuisha. Kiangazi chote nilipandisha maji kutoka kijitoni. Sasa sikuzunguka. Nilipita katikati ya shamba, mabua makavu yanalia chini ya miguu yangu, na mama alisimama mlangoni akaniangalia, akarudi ndani.

Mvua za kwanza zilipokuja nilimwaga mbegu za marejea, kivumbasi na ule mmea wa chungwa kwenye tuta, huku na huku, kama zinavyoota zenyewe porini. Mama alipanda mahindi na maboga kama kawaida. Kijiji kikapata wimbo mpya. "Wengine wanapalilia magugu, yeye anayapanda." Mjue kwetu shamba ni uso wa mwanamke. Watu hawaulizi kwanza umepika nini au umevaa nini. Wanapita njiani, wanatazama shamba lako, wanajua wewe ni mtu gani. Mama yangu alianza kwenda kanisani kwa njia ya juu asipite mbele ya tuta langu na wenzake.

Halafu likatokea lile jambo.

Kuna siku za kupalilia kwa pamoja. Wanawake wa majirani wanakuja na majembe, wanamaliza shamba lako, unawapikia, kesho mnakwenda kwa mwingine. Siku yetu ilipofika mimi nilikuwa nimempeleka mtoto kliniki mjini. Niliwaacha wakianza, wanaimba, wanachokozana. Nilirudi alasiri. Shamba lilikuwa safi kama sakafu. Na tuta langu pia lilikuwa safi kama sakafu.

Walikuwa wameng'oa kila kitu. Marejea yaliyokuwa yamefika magotini na kuanza kutoa vitumba vya maua yalilala kwenye marundo, mizizi juu. Kivumbasi kimelala kwenye marundo kinanukia. Mitugutu ilikatwa kwa jembe. Ule mmea wa chungwa tu ndio uliosimama, kwa sababu ya miiba yake. Na wenyewe wamekaa kivulini wanakula, wamefurahi! Hawakuwa wamefanya ubaya. Waliona nyumba ya rafiki yao ina aibu ukingoni mwa shamba, wakaifuta aibu ile bila hata kuombwa, kama unavyomfuta mtoto wa mwenzio kamasi.

Sikutoa shikamoo. Wanawake wenye umri wa mama yangu, wengine wa umri wa bibi yangu, na mimi nikasimama mbele yao nikapiga kelele. Nilisema wameniua. Nilisema mikono yao haijui kitu ila kung'oa. Nilisema maneno ambayo hata sasa nikiyakumbuka siyaombei msamaha, ila ningeyapanga vizuri zaidi.

Mama akainamisha kichwa. Ndipo jirani mmoja, yule yule wa utani wa ndoa ya maua, akalamba vidole, akasema, "Sasa binti, sisi tungejuaje? Kitu kimetawanyika hivi, kila mahali, ni magugu. Kama ni mazao, si ungeyapanga kwenye mstari?"

Mwingine akadakia, "Hata kamba hakupiga!"

Nilitaka kumrudishia tusi. Lakini alikuwa amesema kweli tupu. Kwa watu wetu kitu kilichonyooka kwenye mstari kina mwenyewe. Kilichotawanyika ni cha jembe.

Jioni ileile, manyunyu yakianguka, nilipiga kamba kutoka mwanzo wa tuta mpaka mwisho, mambo ya vijiti na nyuzi za katani kama bwana shamba. Kivumbasi nilikirudisha kutoka kwenye marundo, shina kwa shina, mstari wa kwanza. Marejea hayarudi yaking'olewa. Nilikuwa na mbegu zilizobaki kwenye kopo, nikazipanda upya, mstari wa pili, nafasi kwa nafasi. Visiki vya mitugutu viliota tena vyenyewe nyuma yake. Pori langu likanyooka kama gwaride. Nilikuwa nacheka na kulia kwa hasira, maana nyuki hawana habari na mstari hata kidogo. Mstari ulikuwa wa watu. Na haukuguswa tena na mtu yeyote. Wanawake walewale walipita njiani, wakatazama, wakasema, "Ahaa."

Kivumbasi kilichanua kwanza. Marejea yalichelewa, yakachanua wakati maboga yameshaanza kutoa majike. Nilikuwa naamka kabla ya wote, nakaa kwenye tuta na mtoto mapajani, nangoja. Asubuhi za mwanzo ilikuwa inzi tu. Nilihesabu Basotu kila asubuhi: leo hapana, basi Basotu. Siku moja nikasikia mlio ndani ya ua la boga, sauti nzito iliyofungiwa, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Nyuki akatoka amejaa unga wa njano mpaka miguuni, akajigonga kwenye ua la pili, akaingia. Sikupiga kelele. Nilimshika mtoto kwa nguvu mpaka akalia.

Walikuja wengi baadaye. Mmoja alimuuma mtoto mkononi, mkono ukavimba, na shangazi akavuka kijito mbio kuja kusema, "Sasa umeita nyuki waje wakuue mtoto!" Nikamwambia, "Amevimba mkono, shangazi. Boga nalo limevimba. Nenda ukaangalie." Hakwenda. Lakini baba alikwenda.

Mjomba alifika kutoka Basotu maboga yakiwa makubwa ya kukaliwa. Alikuwa amekuja kunichukua, kama walivyokubaliana. Tulikaa nje, baba, mama, shangazi, mjomba, Ama kwenye jua lake. Mama ndiye aliyeanza, na sauti yake ilikuwa ya furaha. Alisema sasa binti anaweza kubaki, mambo yametengenezwa. Nikauliza yametengenezwa na nani. Akamtazama shangazi. Shangazi akajinyoosha, akasema walichinja kondoo kwake, kimyakimya, wazee wawili wakaomba, mwezi ule maboga yalipoanza kutoa maua. Hawakuniambia kwa sababu nisingekubali. "Na unaona mwenyewe," akasema, na mkono wake ukaelekea shambani. "Kondoo amekubaliwa."

Nilisimama. Mgongo uliouma kiangazi kizima kwa maji ulisimama pamoja nami. "Kondoo," nikasema. "Haya. Baba, ulikwenda kuangalia. Sema ulichoona."

Baba hakuwa mtu wa maneno mbele ya dada yake. Alichora chini kwa kijiti. "Karibu na tuta yamejaa," alisema. "Ukija huku juu nyumbani yanapungua. Hapa mlangoni hakuna kitu."

"Basi kondoo wa shangazi amefanya kazi kwenye tuta tu? Huku juu alichoka?"

Mjomba alicheka kwa sauti kubwa, kicheko cha watu wa ng'ombe, akajifunika mdomo alipoona hakuna mwenzake. Shangazi akasema mimi sina adabu. Hilo sikulipinga. Mama akasema, "Lakini unabaki, mwanangu, si ndicho ulichotaka? Kuna haja gani ya kujua ni kipi?"

Haja ipo. Ilikuwepo siku ile na ipo leo. Kama ni kondoo, basi mimi nilikuwa uchafu na nimesafishwa. Kama ni nyuki, sikuwa uchafu hata siku moja. Hayo ni mambo mawili, na niliyasema hivyohivyo, wazi, mbele ya wote. Walikuwa wamepata njia ya kunibakisha bila kusema walikosea, na wakaishika kwa mikono miwili.

Baba aliinuka akapangusa suruali. Alisema, bila kunitazama, "Mwakani panda na huku juu nyumbani. Hayo magugu yako."

"Nitapanda Jumamosi na Jumapili," nikasema. "Siku nyingine jioni nina darasa mjini."

Aligeuka akanitazama. "Na mtoto?"

"Mtoto atabaki na wewe, baba. Au na shangazi, si nimesafishwa?"

Hakuna aliyecheka ila Ama, ambaye tulidhani amelala. Mjomba alirudi Basotu na maboga mawili kwenye gunia, moja kila upande wa baiskeli, pale ambapo mizigo yangu ingekaa. Mimi nilimfunga mtoto mgongoni na kuondoka kwenda kuuliza darasa linaanza lini, maana hakuna aliyekuwa amesema hapana, na sikutaka kukaa pale mpaka mmoja wao akumbuke kuisema.